Ziba Sikio Moja Tu, Mwandishi!

Ndugu zangu mnaojiita waandishi chipukizi, hivi mnaandika kwa masikio ya nani? Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65 hivi. Unapanda Costa, unachomeka hedifoni masikio yote mawili, unashuka Chanika hujasikia kitu! Halafu unalalamika mazungumzo ya riwaya yako makavu. Yasiwe makavu vipi, wakati konda kagombana na mama mwenye matenga kwa Kizigua, babu kadakia kwa Kisambaa, gari zima limecheka, wewe kimya kama gunia la mahindi?

Mtasema, "Za kisasa zinazima kelele." Zinazima zaidi mngurumo wa injini, na bei yake, jamani, ni nauli ya miezi! Mie nasema nunueni za waya (kama simu yako bado ina tundu). Hazidai chaji. Vaa upande mmoja, wa pili mwachie konda. Wala usipandishe sauti kushindana na injini: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.