KUKU NA BUSTANI

Ugomvi wa majirani mara nyingi huanzia kwa kuku aliyefukua miche ya mboga. Katika Tunduma, mji wa mpakani ambako nyumba zimesongamana, jambo hili si dogo. Wako wasemao kwamba mtu achague moja: kuku au bustani. Sisi hatukubali. Kuku akiwa bandani hawezi kuugusa mchicha wa mtu. Na samadi yake, ikiachwa ioze kwanza, huurutubisha mchicha huo. Ikitiwa mbichi huiunguza miche.

Lakini adui mkubwa ni kideri. Ugonjwa huu hauna tiba; una kinga tu, nayo ni chanjo ya tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu. Mmoja akichanja na mtaa mzima ukalala, kideri hakitatoka mtaani. Kuku mgeni wa sokoni naye atengwe kwanza wiki mbili.

Twawasihi ndugu zetu wa Mkoa wa Songwe, tangu Tunduma hata Vwawa, wachanje pamoja, siku moja, mtaa kwa mtaa. Kuku wa mjane ndiye daftari la mwanawe. Tusimwache afe kwa uzembe wetu.