Mtoto wa Goma aambiwe ukweli

Tangu M23 walipoiteka Goma Januari 2025, akina mama wachuuzi wameendelea kuvuka Petite Barrière kwenda Rubavu kutafuta riziki. Watoto hubaki nyumbani. Mtoto aliyesikia mabomu akianza tena kukojoa kitandani, au kumng'ang'ania mama mlangoni, si mtundu, ana hofu. Kumchapa, kama wengi wetu tulivyochapwa, ni kumzidishia.

Mwambieni mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Msimdanganye mnakwenda dukani. Ajue jirani wa kukimbilia, akariri namba ya simu, na akikuta chuma asichokijua mtaani asikiguse.

Nao wanaosimamia mpaka, pande zote mbili, watangaze mapema wanapobadili saa za kufunga. Mama akikwama Rubavu, mtoto Goma halali.