Chovya Mkate, Wachana na Aibu

Kuna watu wameamua kwamba kuchovya mkate kwenye chai ni ushamba. Wengi wao wamezaliwa huku huku milimani, Wusi, Wundanyi, wakaenda Nairobi miaka miwili, wakarudi Disemba wakishika slesi kwa vidole viwili kama mtu anayeokota risiti iliyolowa. Chai kando, mkate kando. Nyanya akichovya, wanatazamana.

Mimi nasema aliyekataza kuchovya haujui mkate.

Chukua ile slesi nyeupe ya dukani, ya gramu 400. Ukiila kavu ni kama kutafuna sponji. Haina ganda la maana, haina ladha ya kukumbuka, ukiibonyeza inabaki imebonyea. Mkate ule uliumbwa kwa ajili ya chai. Na chai iwe ya maziwa, iliyochemka pamoja na majani na tangawizi, sio maji moto na kimfuko kinachoning'inia na uzi. Unachovya ncha, unahesabu moja, mbili, unatoa. Ukifika nne umechelewa, utauvua kwa kijiko. Mkate wa jana ndio bora kwa kazi hii, umekauka kidogo, unakunywa chai bila kukatika. Ukipaka Blue Band, vijimacho vya mafuta vitaelea juu ya kikombe. Kuna wanaokereka. Mimi nahesabu hayo kama mapambo.

Boflo ya Mombasa iko juu ya yote. Ina ganda, ina tumbo laini, na ukiitia kwenye mchuzi wa maharagwe haikuaibishi.

Sasa, Ufaransa watu wanachovya croissant kwenye kahawa kila asubuhi. Kwenye mikahawa ya Nairobi mtu anachovya biskuti ya Kiitaliano, anapiga picha, anapata likes. Hakuna anayemwita mshamba. Kwa hiyo tusidanganyane bana, kinachowakera ni kikombe cha plastiki na mkono uliokishika.

Dharau kama hiyo tuliiona ikiandikwa kwa lugha ya sheria. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate wa kawaida utozwe VAT ya asilimia 16. Niliacha chuo lakini hesabu hii naiweza: mkate wa shilingi 65 unaongezeka shilingi kumi na senti arobaini, na hakuna duka litakalokurudishia hizo senti. Huku kwetu mkate ni kitu cha heshima. Ukienda kusalimia wazee unabeba mkate na sukari, huendi mikono mitupu. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 18, kabla ya vijana kuingia Bungeni Juni 25, na siku iliyofuata Rais akakataa kutia saini mswada wote. Watu wanakumbuka Bunge. Mimi nakumbuka pia kwamba kuna mtu alikaa ofisini, akaufikiria mkate wa asubuhi wa mtoto, akaona hapo pana pesa.

Na kuna jambo moja wanaochovya wenzangu hawatapenda kulisikia. Slesi hiyo tunayoitetea imetufanya tuone haya kwa vingine. Mgeni akikuta kimanga au muhogo mezani, mwenyeji anaomba radhi: "Mkate umeisha." Radhi ya nini? Ngano nyingi tunayokula inaagizwa kutoka nje, ndiyo maana vita vya Ukraine vya 2022 vilisikika mpaka kwenye vibanda vyetu. Ile ya hapa nchini walioishika mapema ni walowezi kama Lord Delamere kule Njoro, na kampuni ya Unga ikaanzishwa 1908. Ni jana tu hiyo. Muhogo hauna haja ya kuombewa msamaha na kitu kilichopanda mlima kwa lori.

Hata neno mkate lenyewe halikufungwa kwenye ngano. Mkate wa kumimina ni mchele na tui la nazi, ukichanganya na iliki. Mkate wa mofa unaokwa kwa unga wa mtama, kwenye tanuri la udongo. Ukiukuta Lamu au Mombasa, umege ukiwa moto, uuzamishe kwenye mchuzi wa samaki mpaka vidole vilowe. Hakuna atakayekutazama vibaya, maana wote pale wanachovya.