Miaka sita ya kujificha

Juzi asubuhi mtangazaji mmoja wa redio alimshauri msikilizaji aliyelemewa na mkopo wa sacco hivi: nyamaza, usipokee simu, miaka sita ikipita hakuna wa kukudai. Kutangazwa mufilisi, akaongeza, ni aibu ya ukoo mzima. Nilizima redio kwa hasira. Maneno hayo yanaangamiza watu.

Miaka sita ipo kweli katika sheria ya Kenya kuhusu madeni ya mkataba. Lakini nani kamwahidi mdaiwa kwamba mdai atalala muda wote huo? Ikibaki hata siku moja anaweza kufungua kesi, na akipata hukumu ana miaka 12 ya kuitekeleza. Kubwa zaidi ni hili: ukituma shilingi mia mbili kwa M-Pesa ili wakuache upumue, au ukitia saini kukubali kwamba unadaiwa, hesabu inaanza upya siku hiyo. Wakusanya madeni wanalijua hilo vizuri. Ndiyo sababu wanakubembeleza, "Tuma chochote ulicho nacho leo, mama." Anayesubiri ameshika saa ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa anayemdai.

Jirani yangu mmoja wa Kisauni alisubiri. Alibadilisha laini, akahama nyumba, akaacha kwenda harusi za kwao asije akakutana na mwalimu aliyemdhamini, ambaye mshahara wake ulikuwa ukikatwa. Hayo ndiyo maisha anayoyasifu mjanja wa redioni? Na wakopeshaji wa simu nao, waliokuwa wakiwapigia mpaka wakwe zako! Ilibidi kanuni za Benki Kuu za 2022 ziwakataze jambo ambalo adabu ingetosha kuwakataza.

Sheria ya Ufilisi ya 2015 imeweka mlango wa kutokea. Mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na 400,000, asiye na mali ya kuuzwa wala uwezo wa kulipa, anaweza kuomba utaratibu wa wasio na mali, na miezi 12 ikiisha madeni hayo yanafutwa. Mufilisi naye kwa kawaida huachiliwa miaka mitatu baada ya kuwasilisha hesabu za mali na madeni yake. Mitatu, si sita, na mwisho wake unajulikana.

Watasema mufilisi hagombei ubunge. Ni kweli, Katiba imesema. Kwa hiyo muuza mboga wa Kongowea ajifiche miaka sita kulinda kiti ambacho hajawahi kukiota? Upuuzi mtupu.

Kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt ilipozidiwa na madeni iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, kwa sheria hiyohiyo, na sikusikia mtu akitaja aibu ya ukoo. Kwa nini basi muuza mboga aone haya kufungua kurasa za sheria hiyo zilizoandikwa kwa ajili yake?