Simu ya mkimbizi ikivuka mpaka, nani anakula uniti zake?

MASISI na WALIKALE – Katika vijiji vya Masisi, mama akiamka na kukuta jiko limezima, anamtuma mtoto kwa jirani kuomba kaa la moto. Jirani hamwulizi atalipa nini. Vijana wa Kitshanga, Nyabiondo na Walikale-centre wamechukua desturi hiyo na kuiingiza katika simu. Mwenye mega anafungua simu yake iwe hotspoti, wenzake watatu au wanne wanashika koneksio, kila mmoja anasoma ujumbe wake na kujua kama barabara ya kwao imefunguka. Hiyo ndiyo kugawa koneksio, na kwa familia nyingi za wahami ndiyo intaneti pekee wanayoijua.

Lakini mega si kaa la moto. Kaa ukiligawa, jiko lako halipoi. Mega ukizigawa, zinaisha. Na simu hiyo ikivuka mpaka ikiwa bado na kadi ya Congo, haziishi pole pole tena. Zinamezwa.

Jambo hili linasemwa kama dogo, kama shida ya watu wenye simu nzuri. Si dogo. Tangu Januari 2025, wakati Masisi-centre, Sake na kisha Goma zilipoingia mikononi mwa M23, na Machi mwaka huohuo Walikale-centre nayo ilipochukuliwa kwa siku kadhaa, watu wametawanyika kwa njia ambayo hakuna mzee wa kijiji anayeweza kuhesabu. Baba yuko Walikale, mama yuko kambini Uganda, mtoto mkubwa yuko Goma au Kisangani. Familia kama hiyo imebaki na uzi mmoja tu unaoishikilia, nao unapita ndani ya simu. Anayeuza uzi huo kwa bei ya mgeni anauza familia yenyewe.

Chukua mfano wa mama aliyekimbia na watoto kupitia Rutshuru hadi Bunagana. Upande wa pili ni Kisoro. Anapokelewa kituo cha Nyakabande, baadaye anapelekwa Nakivale au Rwamwanja. Simu yake ina namba inayoanza na 243. Akifika juu ya kilima cha mpaka, simu inaachana na mtandao wa Congo na kushika wa Uganda, yenyewe, bila kumwuliza kama sehemu ya kugawa au kuhama mtandao imeachwa wazi. Hiyo inaitwa rominga. Katika simu nyingi za huku, zinazosema Kifaransa, imeandikwa « Itinérance ». Kifurushi cha mega alichonunua Kitshanga mara nyingi hakihesabiwi kule. Kinachohesabiwa ni bei ambayo kompani mbili zimepatana wao kwa wao, na mwenye simu hakuwepo walipopatana.

Sasa mama huyo anafanya lile alilozoea nyumbani. Binti yake na shemeji yake wana simu zisizo na uniti, anawafungulia koneksio. Hapa ndipo mtego ulipo, na wengi hawaujui. Simu inayopokea hotspoti haijui kwamba inakula mega za mtu aliye ugenini. Inaona waifai tu. Na simu nyingi zimefundishwa kwamba waifai ni ya bure: zikiipata, zinaanza kuvuta programu mpya, kupakua video zote zilizotumwa katika makundi ya WhatsApp, kupandisha picha za zamani zikahifadhiwe mbali. Hakuna aliyebonyeza kitu. Programu moja tu ikijisasisha inaweza kula mega nyingi kuliko ujumbe wa maandishi wa mwezi mzima. Uniti ambazo ndugu aliye Minova alijinyima ili azitume zinakwisha kabla mama hajasema « tumefika salama ».

Kuna wanaojibu haraka: atupe kadi ya Congo, anunue ya Uganda. Ni shauri zuri nusu. Uganda, tangu 2019, imeruhusu wakimbizi kuandikisha kadi za simu kwa makaratasi yao ya ukimbizi, na jambo hilo linastahili shukrani. Lakini namba ya 243 si namba tu. Ndiyo pochi ya mama huyo, kwa sababu pesa za simu zimo ndani yake, na tangu benki za Goma zifungwe mwanzoni mwa 2025 pochi ya simu imekuwa benki ya watu wengi. Ndiyo anuani yake, kwa sababu mume aliyebaki msituni Walikale, anayepanda kilima mara moja kwa juma kutafuta rezo, anaijua namba hiyo peke yake. Namba ikikaa kimya miezi mingi, kompani inaweza kuifunga na kumpa mtu mwingine. Kumwambia mkimbizi atupe namba yake ni kumwambia abomoe nyumba ya pili baada ya ile ya kwanza kuchomwa.

Wengine wanasema mkimbizi ana shida ya unga na turubai, intaneti ingoje. Wanaosema hivyo hawajawahi kungoja kwa siku tisa kujua kama mtoto aliyepotea njiani yuko hai. Unga unaletwa na lori. Habari ya kwamba mtoto ameonekana Sake inaletwa na simu. Na hata unga wenyewe siku hizi, mashirika mengi ya msaada yanautoa kwa pesa zinazopitia simu, na ujumbe wa kuitwa kwenye ugawaji unakuja kwa simu. Aliyezimiwa simu amefutwa kwenye orodha bila mtu kushika kalamu.

Basi swali ni hili: Congo ni mgeni wa nani?

Tarehe 8 Aprili 2022, Rais Félix Tshisekedi alitia sahihi Nairobi, mbele ya Uhuru Kenyatta, Yoweri Museveni na Paul Kagame, na Congo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarehe 11 Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Hotuba zilisema soko moja, watu wamoja. Tangu 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba jambo la simu linawezekana: zilianza mpango wa mtandao mmoja, bei ya kupiga simu ukiwa nchi jirani ikashushwa, na kupokea simu kukaacha kulipishwa. Mpango ule ulianza na sauti, maana zama zile watu walikuwa wakipiga. Leo watu wanaandika, wanatuma sauti ya WhatsApp, wanatuma picha ya mtoto. Mpango usiogusa mega ni mlango uliofunguliwa dirisha likiwa limepigwa misumari.

Mkongomani wa Masisi anaona bendera ya Jumuiya ikipepea. Simu yake haiioni. Serikali iliyoweza kutia sahihi kwa ajili ya mabenki na makontena haijashindwa kutia sahihi kwa ajili ya mama mwenye simu moja.  Na vita visitumiwe kama kisingizio. Kama Kinshasa na Kigali hazielewani, Kampala iko wazi, na wakimbizi wengi wa Masisi na Rutshuru wako huko. Vita ndiyo sababu ya kuharakisha. Anayefanya biashara akivuka mpaka anapanga safari yake, ananunua kifurushi cha ugenini kabla. Anayekimbia risasi hapangi.

Kompani zitasema antena ni gharama, jenereta zinakunywa mafuta, barabara za Walikale hazipitiki. Ni kweli. Lakini mkimbizi aliye Nakivale hatumii antena ya Walikale. Anatumia antena ya Uganda ambayo tayari imesimama na tayari inawaka. Bei ya rominga haitokani na mlima wala tope, inatokana na mapatano. Na mapatano yanaweza kuwekewa kikomo na wasimamizi wa serikali. Ulaya ilifanya hivyo: tangu Juni 2017, mtu wa nchi ya Umoja wa Ulaya akisafiri ndani ya Umoja anatumia simu yake kwa bei ya nyumbani. Kompani za kule hazikufa. Na katika eneo hili kuna kompani yenye jina lilelile na rangi ileile Congo, Uganda na Rwanda. Rangi inavuka mpaka bure. Mega ndizo zinazolipishwa.

Kuna uchungu mwingine wa kusemwa. Ndani ya kila simu inayogawa koneksio kuna tantali na bati. Machimbo ya Rubaya, katika Masisi, yanahesabiwa kutoa kama asilimia 15 ya tantali ya dunia. Bisie, katika Walikale, ni moja ya machimbo makubwa ya bati. Udongo huo unavuka mipaka mchana na usiku, wakati wa amani na wakati wa vita, na daima anapatikana wa kuupokea na kuupimia. Lakini mtu aliyezaliwa juu ya udongo huo, akivuka na simu iliyotengenezwa nao, anatendewa kama mtalii.

Madai basi si mengi, na hayahitaji mfadhili.

Kwanza, Congo iingie katika mpango wa mtandao mmoja wa Jumuiya, na mega ziwemo, kwa kuanzia na Uganda. Pili, simu isiingie rominga ya intaneti bila mwenyewe kukubali, na ujumbe wa kumwonya uandikwe Kiswahili, si Kifaransa peke yake, ukitaja bei ya mega moja kwa franka, na ukiweka kikomo kabla uniti hazijaisha. Tatu, namba ya mtu aliyekimbia vita isifungwe wala isipewe mwingine kwa sababu imenyamaza. Kama serikali inajua tarehe ambayo mji ulianguka, kompani nayo inaweza kujua kwa nini namba za mji huo zilinyamaza siku hiyohiyo.

Asiseme mtu kwamba raia hasikilizwi. Mwaka 2020 simu za Wakongomani zilianza kukatwa uniti kwa ajili ya RAM, ile kodi ya kuandikisha simu. Waliambiwa ni sheria, walipe. Raia walipiga kelele, vyama vya kiraia vikapiga kelele, wabunge wakaamka, na mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Ilianguka kwa sababu watu walijua nani anawakata na walimtaja. Rominga nayo inakata, ila inakata wale walio mbali, waliochoka, wasio na ofisi ya kwenda kulalamika. Ndiyo maana walio nyumbani wanapaswa kulisema kwa niaba yao.

Mpaka siku hiyo ifike, familia zisingoje kuliwa. Anayekaribia mpaka, iwe Bunagana au Goma upande wa Gisenyi, azime « Itinérance » kabla ya kufika, kwa sababu karibu na mpaka simu inaweza kushika mtandao wa nchi ya pili hata kama mguu haujavuka. Akifika, anunue kadi ya huko na kugawa koneksio kutoka kadi hiyo. WhatsApp yake ya namba ya 243 itaendelea kufanya kazi kwa mega za kadi mpya, mradi asikubali kubadilisha namba pale programu inapomwuliza. Kadi ya Congo aiweke katika nafasi ya pili ya simu, au aifunge kwenye kitambaa pamoja na kadi ya uchaguzi, na kuiamsha mara kwa mara isije ikafungwa.

Anayegawa aweke neno la siri na kulibadilisha. Anayepokea azime kwanza programu kujisasisha, na katika WhatsApp aondoe kupakua picha na video peke yake. Sauti ya dakika moja inatosha kusema mtoto amepona homa. Simu ya video inaweza kungoja siku ya furaha. Kuwafundisha haya wazee na watoto ni kazi ya kila kijana mwenye simu, na haifai kulipisha mtu kwa somo hilo.

Lakini ujanja wa maskini usigeuzwe kuwa suluhisho la serikali. Mama wa Kitshanga amekwisha kufanya sehemu yake: amekimbia na watoto wote, amehifadhi namba, amegawa kidogo alichonacho na shemeji na jirani wa hema. Yeye hakumlipisha mtu kaa la moto. Waliotia sahihi Nairobi na wanaohesabu mega Kinshasa na Kampala wana deni la kumjibu, na namba yake wanayo.