TAMKO LA KATIBU WA TAWI: TOVUTI ZETU ZINATUPONZA

Ndugu wanachama,

Tunalalamika wageni wa Ngorongoro wanapita Karatu na hela zao. Kwa hili tusiisingizie halmashauri. Nimefungua tovuti za wenzetu wenye gesti na kambi: maneno yote kaandika akili mnemba, "paradiso ya Afrika", bei hakuna, umbali hadi geti la Lodoare hakuna, hata picha si ya hapa! Mgeni akitafuta Google malazi karibu na geti, atakuonaje? Anaishia kwa wakala wa mtandaoni, nawe unakatwa kamisheni, tuseme asilimia 15. Chumba cha 60,000, umeacha 9,000 kila usiku. Akili mnemba ikunyooshee Kiingereza tu. Bei, umbali na picha weka mwenyewe. Kujiandikisha kwenye ramani ya Google ni bure.

Jumamosi saa 9 alasiri, ofisi ya tawi. Njooni na picha za vyumba vyenu.

Katibu wa Tawi