Lebo ya Redio na Kikapu cha Mnunuzi

Wako watu wasemao kwamba lebo za redio zitawaondoa makarani wa fedha katika maduka makubwa ya Kericho na Bomet: mnunuzi apite na kikapu chake, na hesabu ijifanye yenyewe. Maneno hayo ni matamu, lakini si kweli. Mawimbi yasomayo lebo kutoka mbali hunywewa na maji na kurudishwa nyuma na metali. Basi tia kikapuni maziwa, mkebe wa maharagwe, na chai iliyofungwa katika karatasi ya alumini. Mashine yaweza kunyamaza ilhali vitu vipo. Pengine husoma kikapu cha jirani, na mchuma chai akatozwa asichonunua. Alama za mistari, zilizoanza kusomwa dukani huko Ohio, Marekani, mwaka 1974, husomwa moja moja; ni kazi ya polepole, lakini kosa huonekana papo hapo. Tena lebo igharimuyo senti chache za Marekani yafaa nguo ya thamani, si kiberiti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lirukalo vitu si daftari. Tusimfukuze karani kwa ajili ya ahadi.